Salamu za Marehemu Khor

Kila asubuhi, maji ya kahawa yakiwa bado hayajachemka, Saw Kim alideki sakafu ya mbele, akavua ndala, akalowesha kitambaa na kwenda kuifuta taa ya meza ya mababu. Alikuwa na miaka themanini na minne na magoti yasiyotaka tena kukunjika, lakini kazi hiyo hakumwachia mtu. Taa yenyewe ilikuwa balbu nyekundu juu ya kinara cha shaba, chini ya picha ya marehemu mumewe, mzee Khor Teng Hock. Ilikuwa ikiwaka usiku na mchana tangu enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na redio mbili.

Asubuhi hiyo alipokigusa kinara, mkono ulimruka kidogo. Akacheka peke yake.

"Leo kanisalimu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

Jikoni, Gaik Sim alikuwa akikatakata figili ya chumvi ya kulia uji, na kisu kikasimama. Alikuwa mke wa mtoto wa pili wa nyumba ile, mjane sasa mwaka wa sita, na siku hizi hasira zake zilikuwa zinaamka kabla yake. Salamu gani hizo. Huo ulikuwa umeme, umeme mtupu, unaovuja kwenye shaba, ukapita kwenye kitambaa kibichi na mkono wa bibi kizee aliyesimama pekupeku juu ya vigae vyenye maji. Na bibi kizee akaona ni mumewe.

"Mama, vaa ndala," alisema.

"Nisimame mbele ya mume wangu na ndala za msalani?"

"Basi simama juu ya lile zulia la mpira nililokununulia."

"Nimempa paka."

Kweli, paka alikuwa amelala juu yake chini ya ngazi, mkavu, salama kuliko binadamu yeyote wa nyumba ile.

Ilikuwa nyumba ya kizamani ya pale George Town, nyembamba na ndefu, duka chini na vyumba juu. Waya zake zilipita kwenye mbao za dari zikiwa zimevishwa mpira na kitambaa, na zilikuwa zimemzidi Gaik Sim umri. Birika na mashine ya kufulia havikuwashwa pamoja, kwa sababu fyuzi ingekatika. Soketi ya feni ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Swichi ya chumba cha juu waliibonyeza kwa kijiti cha kulia tambi, na wageni walipouliza kwa nini, waliambiwa ni mazoea ya nyumba.

Salamu nazo zilianza mvua za kwanza baada ya mazishi ya mzee, miaka kumi na tisa iliyopita. Mvua ikinyesha sana, zilizidi. Saw Kim alikuwa na jibu hata kwa hilo: marehemu alipenda mvua, si alikuwa muuza miavuli.

Gaik Sim alikuwa ameshamwambia kuwa ni umeme. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, na kila mara mama mkwe wake alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama asiyesalimiwa na yeyote.

Lakini wiki iliyopita mambo yalikuwa yamebadilika. Gaik Sim alisikia kikombe cha chai ya mababu kikivunjika, akakimbia mbele, akamkuta mama mkwe ameketi chini, ameegemea mguu wa meza, midomo imempauka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na haukupata nguvu mpaka adhuhuri. Na alikuwa anatabasamu.

"Leo hakunisalimu tu," alisema. "Leo kanishika mkono. Nikamwambia niache, akagoma."

Siku hiyohiyo Gaik Sim alimtafuta fundi.

Fundi aliitwa Kumaresan, mtu wa makamo mwenye leseni ya kweli, si wale wa kuunga waya na kukimbia. Alipofika aligusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye kinara cha shaba, ikawaka. Alikwenda kwenye swichi kuu nyuma ya mlango akaishusha. Feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, jokofu likanyamaza, nyumba yote ikawa kimya. Taa nyekundu iliendelea kuwaka.

Akaipandisha, akaishusha tena. Taa ikawaka vilevile.

"Hii inakula umeme wa wapi?" aliuliza.

Alipanda ngazi na tochi yake, akapapasa ukutani nyuma ya mita, na hapo akaona waya mmoja uliofungwa tepu ya kitambaa na kupakwa rangi ya ukuta. Ulitoka baada ya mita lakini kabla ya swichi kuu na kabla ya fyuzi zote, ukaenda moja kwa moja kwa mababu.

"Nani alifanya hivi?"

"Baba mkwe," alisema Gaik Sim. "Alichoka kuona taa ya baba yake inazimika kila fyuzi ikikatika. Alikuwa anajisifu kwa wageni kwamba nyumba nzima ikifa, mababu zake bado wanaona."

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa muuza miavuli."

Kumaresan alishuka ngazi akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza, dada. Fyuzi kazi yake ni kukatika. Huu waya hauna cha kukatika. Siku umeme ukimkamata Bibi barabara, hakuna kitu ndani ya nyumba hii kitakachojua. Utamshika tu. Na wewe ukimvuta kwa mkono, mtabaki wote wawili hapo."

"Huwezi kuiacha hii taa ukatengeneza kwingine?" Gaik Sim aliuliza, si kwa kupenda, bali kwa sababu alijua ukoo utauliza hivyo.

"Nikikuwekea kisanduku kipya na breka za dhahabu, huu waya hauna habari nazo. Lazima watu wa umeme waje wakate kule nje. Nitoe waya zote nivute mpya, nizike chuma cha waya wa ardhi, niweke breka inayojikata umeme ukivuja hata kidogo. Siku mbili. Na taa itazimika. Bila hivyo sitii sahihi yangu."

Sahihi nyingine iliyotakiwa ilikuwa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba kwenye hati hakuwa Saw Kim aliyeideki miaka sitini na sita, wala Gaik Sim aliyewauguzia watu wao ndani yake. Alikuwa Beng Huat, mzaliwa wa kwanza, aliyekaa ghorofa ya kumi na mbili kule Tanjung Tokong, nusu saa kwa gari, kwenye nyumba mpya ambayo soketi zake hazijawahi kumtekenya mtu. Gaik Sim alimpigia simu.

"Shemeji, ile taa itamuua Mama."

"Mama ana miaka themanini na minne," alisema Beng Huat.

Gaik Sim aliitoa simu sikioni akaitazama, akairudisha. "Unasemaje?"

"Nasema furaha zake ni chache. Asubuhi anasalimiwa na Baba, anafurahi, anakula uji wake. Wewe unataka kumwambia nini, kwamba ni waya? Halafu taa ikizimwa mkosi hauji kwako, wewe umeolewa tu humu. Unamwangukia mzaliwa wa kwanza. Baba mwenyewe alisema. Mimi nina biashara, shemeji, nina wajukuu."

"Kwa hiyo Mama ndiye fyuzi yako."

"Punguza mdomo. Jumapili nakuja kwenye kumbukumbu ya Baba. Tutamuuliza mwenyewe."

Simu ikakatwa. Gaik Sim alikaa kwa ghadhabu kwenye stuli ya jikoni. Hakukasirika kwa ajili ya mkosi, kwa maana hata yeye aliogopa taa ile kuzimika, na asiyeogopa katika nyumba ya watu wa kwao hayupo. Alikasirika kwa ile sauti, sauti ya mtu anayepanga umri wa mama yake kama bidhaa iliyokaribia kuharibika. Alipotulia alimpigia Kumaresan, akamwomba aje Jumapili saa nne na ile fomu.

Jumapili Beng Huat alikuja na bata wa kuchoma na viatu vyenye soli nene za mpira. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na tumbo la mtu anayesikilizwa. Alimkuta Kumaresan ameketi barazani na kikombe cha kahawa, akamwitikia kwa kidevu. Saw Kim alikuwa amepanga mezani tambi, machungwa na vikombe vitano vya chai, na moshi wa ubani ulikuwa umeshatanda mbele yote.

Beng Huat alipiga magoti, akachukua zile mbao mbili za kuulizia, zilizochongwa kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Moja ikilala bapa na nyingine mviringo, marehemu amekubali. Zote zikionyesha mviringo, amekataa. Zote zikionyesha bapa, anacheka. Na jibu halishiki mpaka lirudi mara tatu.

"Baba," alisema, "wanataka kuizima taa yako. Izimwe?"

Akazirusha. Zote mbili zikalala pale chini zikionyesha bapa.

"Amekataa," alisema Beng Huat, akaanza kuinuka.

"Amecheka," alisema Gaik Sim.

"Anacheka upuuzi wenu."

"Na mara tatu ziko wapi, shemeji? Tangu lini marehemu akaulizwa mara moja kama mtu wa kuuziwa samaki?"

"Imetosha."

Gaik Sim aliona kwamba ndiyo mwisho, kwamba mtu huyu atakula bata, atapiga miayo na kwenda zake, na kesho asubuhi bibi kizee atavua ndala. Alikwenda kwenye ndoo, akakiloweka kitambaa, akakikamua nusu tu, akarudi nacho.

"Vizuri," alisema. "Baba yupo, na leo ni siku yake. Miaka kumi na tisa anamsalimu Mama peke yake, na wewe ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Vua viatu, ufute taa. Akusalimu na wewe."

Beng Huat alicheka kidogo. "Hizo kazi za wanawake."

Lakini Saw Kim alikuwa amelisikia, na uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo Gaik Sim hakuitegemea na ambayo ilimchoma.

"Mfutie, Ah Huat," alimwambia mwanawe. "Kila mwaka namwambia, mbona humsalimu mwanao? Labda anakungoja umguse. Njoo."

"Mama, bega linaniuma."

"Tumia la kushoto."

"Mama, acha."

Bibi kizee hakuacha. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono, kwa upole, kama anavyoshikwa mtoto anayeonea haya wageni, akauvuta mkono ule kuelekea kwenye kinara. Beng Huat aliunyofoa kwa nguvu kiasi kwamba mama yake alipepesuka, na kama Kumaresan asingekuwa ameshaingia kutoka barazani angeanguka.

"Unataka kuniua?" Beng Huat alisema.

Moshi wa ubani uliendelea kupanda.

"Nikuue na nini?" aliuliza Saw Kim. "Na salamu za baba yako?"

Mwanawe alitazama pembeni. Bibi kizee akamgeukia Kumaresan, ambaye bado alikuwa amemshika kiwiko.

"Fundi, wewe si wa ukoo huu, huna sababu ya kunidanganya. Ni yeye, au si yeye?"

"Ni umeme, Bibi."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na huyu alijua."

"Nilikigusa Mwaka Mpya mmoja, Mama," alisema Beng Huat. Sasa alikuwa anaongea haraka. "Zamani, miaka miwili mitatu baada ya Baba kufariki. Ulikuwa kidogo tu, wa kutekenya. Na wewe ulikuwa umeacha kulia. Ningefanyaje?"

Gaik Sim aliihesabu kichwani ile miaka. Mwaka Mpya baada ya Mwaka Mpya, Beng Huat amesimama mbele ya meza hii mikono nyuma, akiamuru: Gaik Sim, sogeza vikombe, Gaik Sim, panga machungwa, Gaik Sim, weka ubani. Yeye alikuwa akidhani ni ukubwa. Alikuwa amemchukia kwa ukubwa huo, kumbe alimwonea, kwa kuwa haukuwa ukubwa, ulikuwa woga, na katika woga wake aliwaacha wanawake wawili wakihangaika kando ya shaba ile mwaka hadi mwaka. Alitamani kumpiga na kile kitambaa usoni. Alijizuia kwa sababu ya picha iliyokuwa ukutani.

"Leta hiyo karatasi," Saw Kim alimwambia fundi.

"Mama, na mkosi?" alisema Beng Huat.

"Mkosi ukija utakukuta umevaa viatu vya mpira. Tia sahihi."

Alitia sahihi, karatasi ikiwa juu ya goti lake. Saw Kim hakungoja amalize. Alitoa kabatini bakuli dogo la kaure, akatia mafuta na utambi, akauwasha kwa kiberiti na kuliweka mbele ya picha. Kisha akaziokota mbao mwenyewe, bila kupiga magoti kwa sababu asingeweza kuinuka. "Utakaa na hii siku mbili?" alimuuliza mumewe, akazirusha. Bapa na mviringo. Akarusha tena, na tena, na mara zote tatu jibu lilikuwa hilohilo.

"Mjinga alikuwa anauliza vibaya," alisema. "Ah Huat, bata wako huyu hapa, nenda ukale kwako."

Jumanne watu wa umeme walikuja wakakata kule nje. Taa nyekundu ikazimika. Gaik Sim alikuwa amesimama mbele yake akiungoja mkosi, na kilichotokea ni kwamba lori la gesi lilipita barabarani. Kumaresan alizitoa zile waya, na mpira wake ulivunjika mikononi mwake kama biskuti. Juu ya chumba alicholala Saw Kim, boriti moja ya dari ilikuwa imeungua ikawa mkaa, urefu wa mkono mzima. Fundi alimwita Gaik Sim apande ngazi ajionee. Akapanda, akaona, akashuka. Kisha aliokota kipande cha waya kilichoungua, akakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na ile tepu ya kitambaa, na kumtumia shemeji yake kwa mtu wa pikipiki, bila barua.

Siku ya pili jioni taa iliwashwa tena, kinara kilekile, balbu ileile, kwa waya mpya uliopita mahali pake. Kumaresan alibonyeza kitufe cha kujaribia kwenye kisanduku, na nyumba yote ikazimika, taa ya mababu pamoja nayo. Akapandisha breka, vyote vikarudi. Saw Kim alimwomba afanye tena, akafanya, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Asubuhi iliyofuata alideki, akavua ndala, akalowesha kitambaa. Gaik Sim alikuwa jikoni, kisu mkononi, hakukata kitu. Alisikia kitambaa kikipita kwenye shaba, kisha hakusikia. Alichungulia. Mama mkwe wake alikuwa ameuweka mkono wazi juu ya kinara na ameuacha pale, anangoja. Alingoja muda mrefu.

"Hasemi kitu," alisema mwishowe.

Gaik Sim alisogea mpaka mlangoni.

"Miaka arobaini na saba ya ndoa," alisema Saw Kim, akaanza kufuta tena, "yule mtu hakunisalimu asubuhi hata moja. Akiamka anauliza kahawa iko wapi. Alipoanza kunisalimu baada ya kufa nilishangaa, nikajiuliza amejifunzia wapi." Akakigeuza kitambaa upande mkavu. "Sasa amerudi kuwa yeye."

Hasira zikampanda Gaik Sim tena, na safari hii hazikupata pa kutua. Zilimwendea Beng Huat, zikamwendea na muuza miavuli katika fremu yake, aliyemnyima mkewe kitu kisichomgharimu hata pumzi, mpaka mwanamke wa watu akakipokea kutoka kwa waya mbovu na kushukuru. Kisha zikageuka zikamjia mwenyewe. Miaka yote ile ya asubuhi, neno lake la kwanza kutoka jikoni lilikuwa ni vaa ndala.

Kesho yake alikiacha kisu mezani kabla hajasikia ndoo ikisogezwa. Alikwenda mbele, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, umeamkaje? Umeshakula?"

Saw Kim aligeuka akamtazama, kitambaa kinadondosha maji. "Nile nini, na uji uko kwako jikoni?"

"Nauliza tu."

Bibi kizee alirudi kwenye taa yake, akaifuta kuanzia juu mpaka chini, akiwa amempa mgongo. Akafuta na pale palipokuwa tayari pasafi.

"Kesho uniulize mapema zaidi," alisema.